Suti ya Bluu kwa Baba wa Nyumba

Dada msomaji, siku ukipata nafasi, fungua kabati la nguo nyumbani kwako uhesabu. Vitenge vyako hutavimaliza, maana kila harusi ya ukoo imekuachia sare yake. Sare za shule za watoto zipo, na nguo zao za Krismasi zipo. Kisha tafuta za baba. Utakuta mashati manne au matano ambayo kola zimechakaa, suruali mbili za kazini, fulana za kampeni na za semina, na labda koti la harusi yenu ambalo siku hizi halifungi tumboni. Katika nyumba nyingi za watu wa mshahara mdogo hapa kwetu Tabora, baba ndiye wa mwisho kununuliwa nguo. Ukimwuliza atakujibu kwamba yeye hana shida. Leo naomba tulizungumze neno hilo, "sina shida."

Mimi ni muuguzi, na kazi yangu imenionyesha jambo la huzuni kuhusu suti. Mwanamume anapofariki wodini, ndugu huondoka wakarudi kesho yake na mfuko. Ndani ya mfuko mara nyingi mna suti mpya, shati jeupe, tai, na soksi ambazo bado zimeshonwa pamoja kwa uzi wa dukani. Nimeona suti zenye karatasi ya bei kwenye mkono. Kwa kuwa mwili wa marehemu haukunjiki kama wa mtu aliye hai, koti hilo huchanwa mgongoni toka juu hadi chini ndipo livalike. Kila nikishika mkasi kwa kazi hiyo huwaza kwamba michango hii iliyopatikana kwa siku moja haikupatikana kwa miaka ishirini mtu huyu alipokuwa akitembea. Wapo niliowafahamu. Nilikuwa nikiwaona kanisani, wamekaa benchi la mwisho karibu na mlango.

Mume wangu alikuwa mmoja wa watu wa benchi la mwisho. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa maneno machache lakini mwenye sauti nzuri ya kusoma. Zamani alikuwa akisoma Neno kila mwezi. Baadaye akaanza kukataa. Walimwomba awe katika kamati ya ujenzi, akasema ana madaftari ya kusahihisha. Wazazi wa kijana mmoja walimwomba awe mshenga, akasema kifua kinambana. Mimi ndiye ninayempima kifua, nacho hakikuwa na neno.

Mwaka 2014 ukaja wakati wa kumuaga binti wa marehemu kaka yake. Binti huyo tulimchukua akiwa na miaka sita, tukamsomesha na kumlea pamoja na wetu. Kwa hiyo siku ya sendofu kiti cha baba kilikuwa cha mume wangu, na hapakuwa na mtu wa kubisha. Siku tatu kabla, aliita kikao akasema kiti hicho atakaa mdogo wake anayefanya kazi Mwanza, kwa sababu "yeye anajua kuongea na watu." Binti hakusema neno kikaoni. Usiku nilimkuta jikoni anaosha sufuria ambazo zilikuwa zimekwisha oshwa, na machozi yanamtoka.

Baada ya sherehe kupita nilimwuliza.

"Mwalimu, kiti chako umempa mdogo wako kwa nini?"

"Kiti ni cha familia, mama. Si changu wala si chake."

"Mimi nakuuliza wewe."

Alinyamaza mpaka nikadhani amelala. Kisha akasema, "Ningesimama mbele za wakwe na koti lipi?"

Akina mama wenzangu, sisi tukikosa nguo tunasema. Tunasema kwa mume, kwa dada, kwa shoga, hata kwa muuza vitenge, naye anatukopesha. Mwanamume wa kwetu hawezi kusema hivyo. Amefundishwa tangu utoto kwamba nguo ni mambo ya wanawake. Kwa hiyo atatafuta kifua kinachobana, atatafuta madaftari, atasafiri ghafla, na taratibu ataondoka katika kila mahali ambapo watu wanasimama mbele ya wenzao. Na wewe utadhani amepoa imani, au amepata mahali pengine pa kwenda. Kuazima nako ni aibu nyingine. Wahenga wetu wana methali yao juu ya nguo ya kuazima na jinsi isivyositiri. Neno lake la mwisho nakuachia ulimalizie mwenyewe.

Mwaka uliofuata zamu yangu ya mchezo ilipofika nilisema wazi kwamba pesa inakwenda kwenye suti ya mume wangu. Wenzangu walicheka mpaka chai ikapoa. Mmoja akasema, "Dada, pesa ya mchezo unamvika mwanamume? Hawa wana pesa zao za siri." Nikamjibu kwamba hati ya mshahara ya wangu naisoma kabla hajaisoma yeye, na siri pekee iliyomo ni makato. Mwingine, ambaye ni rafiki yangu kweli, alinivuta pembeni akanionya kwamba mume akipendeza ataangaliwa. Neno hili nimelisikia kwa wanawake wengi na ninaliheshimu, kwa kuwa linatoka penye uchungu. Lakini mume wa kuibiwa huibiwa hata akiwa na fulana ya kampeni.

Nilitaka suti nyeusi. Fundi wetu, mzee anayeshona kwa cherehani ya miguu nyuma ya soko, alikataa kabla sijamaliza sentensi. "Mayo," akaniambia, kwa jinsi sisi Wanyamwezi tunavyomwita mama, "nyeusi kwa jua hili baada ya mwaka inageuka rangi ya kutu. Na kila vumbi la barabarani inalionyesha. Mletee mwalimu bluu iliyokoza. Akienda nayo msibani hakuna atakayemshangaa, na akienda nayo harusini hakuna atakayesema amekuja kuzika." Wenye maduka huiita rangi hii nevi bluu, kwa sababu maofisa wa jeshi la majini la Uingereza walipewa sare ya rangi hiyo mwaka 1748, na jina likabaki hivyo hata kwa watu ambao hawajaiona bahari.

Nilipofika na kitambaa nyumbani, mama mkwe alikuwa amekaa barazani. Alikishika, akakigeuza, akauliza kwa masikitiko, "Mwanangu mmemnunulia kaniki?"

Vijana wetu huenda hawaijui kaniki vizuri. Ni ile nguo ya pamba ya bluu iliyokoza sana, karibu na nyeusi. Kwa wazee wetu ilikuwa nguo ya shambani, ya msiba, na ya waganga, na ndiyo maana mama mkwe hakufurahi. Swali lake lilinifanya niwaulize wazee na kusoma kidogo, nikaona kwamba bluu hii ina historia ndefu katika mji wetu kuliko suti zote.

Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, karibu kila kipande cha nguo kilichofika hapa kilikuja juu ya bega au kichwa cha mtu. Kilitoka Bagamoyo kikapita Ugogo hadi Unyanyembe, na kingine kiliendelea mpaka Ujiji ziwani. Mwingereza Burton na mwenzake Speke walifika hapa, wakati huo pakiitwa Kazeh, mwezi Novemba 1857. Wapagazi wengi wa njia ile walikuwa Wanyamwezi, na mzigo wa nguo ulikuwa kama frasila mbili, yaani karibu kilo 32. Mzigo ule uliitwa mtumba. Leo tukisema mitumba tunafikiria makoti ya Ulaya yaliyotandazwa chini sokoni, lakini neno lenyewe lilitembea katika njia hii kwa miguu zamani sana.

Katika mitumba ile zilijaa hasa nguo mbili za kawaida. Moja ilikuwa merikani, pamba nyeupe ngumu iliyopata jina lake kwa sababu ililetwa Zanzibar na meli za Marekani. Ya pili ilikuwa kaniki, iliyotiwa rangi ya nili, na nyingi ilitoka India. Nguo ndiyo iliyokuwa pesa. Wapagazi walilipwa nguo, chakula njiani kilinunuliwa kwa nguo, na ukipita nchi ya mtu ulimlipa hongo ya nguo. Ilipimwa kwa mkono na kwa doti, na doti moja ilikuwa mikono minane. Stanley alipokuja kumtafuta Livingstone mwaka 1871 alinunua kwanza merikani na kaniki kwa maelfu ya yadi, kwa sababu asingeweza kufika popote bila hizo. Watawala walidai nguo za rangi na za michirizi, zenye majina na bei. Merikani na kaniki ziliwaangukia watu wa chini. Huko pwani na Zanzibar ndizo walizovaa watumwa, na baada ya utumwa kukomeshwa Zanzibar mwaka 1897 wanawake wengi waliziacha wakashika kanga, ili wasitambuliwe tena kwa nguo ya zamani.

Kwa hiyo mama mkwe hakusema upuuzi. Bluu ilikuwa rangi ya mtu asiyekuwa na kiti. Nilimweleza kwamba siku hizi bluu hiyo huvaliwa na marais na mabalozi, akanisikiliza, kisha akasema, "Basi mshonee vizuri, wasije wakamdhania mganga." Tulicheka wote.

Tukiwa hapo hapo kwenye historia, niseme pia kwamba sisi Watanzania tuna sababu ya kuitazama suti kwa mashaka. Baba zetu wa miaka ya 1970 walivaa Kaunda suti, mikono mifupi, bila tai, na Mwalimu Nyerere mwenyewe, aliyesoma na baadaye kufundisha hapa Tabora, alipendelea koti la kola iliyosimama badala ya koti la Kizungu. Ilikuwa nguo ya heshima iliyofaa kwa jua. Baba yangu alikuwa na moja ya kijivu aliyoivaa mpaka magoti yakawa laini kama ngozi. Ningependa fundi wa leo aikumbuke, na kama mume wako anaipendelea, mshonee hiyo hiyo kwa kitambaa cha bluu. Jambo ninalolitetea ni kitambaa kimoja kizuri chenye rangi inayokwenda kila mahali. Kola na tai ni hiari ya mvaaji.

Sasa nizungumze kitambaa, maana hapa ndipo pesa inapopotea. Suti za kung'aa zinazoletwa zikiwa tayari zimeshonwa, zile zinazometameta kama mgongo wa samaki, mimi sizipendi hata kidogo. Shemeji yangu alinunua moja kwa shilingi 150,000. Mvua ya kwanza ilipompata, kifua cha koti kilitoka mapovu kama chapati, kwa sababu ndani kumegandishwa kwa gundi na gundi ikaachia. Kitambaa cha polista tupu hakipitishi hewa. Tabora iko kwenye uwanda wa juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na jioni za Juni na Julai koti linakubalika kabisa. Lakini Septemba na Oktoba, kabla ya mvua, mtu aliyevaa polista tupu anaoga humo ndani. Tafuta mchanganyiko wenye sufu nyepesi ya kutosha. Wengi husikia neno sufu wakafikiria blanketi, kumbe sufu nyepesi hupitisha hewa na haikunjamani ovyo.

Ukiwa dukani, finyanga pembe ya kitambaa kwenye ngumi ukihesabu hadi kumi, kisha fungua. Kikibaki na makunyanzi kama karatasi, kiache. Omba uzi mmoja uuchome kwa kiberiti. Uzi wa sufu hunuka nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika. Polista huyeyuka ikawa punje ngumu kama ushanga. Pamba hunuka karatasi. Uzi wa mchanganyiko utakupa alama za vyote viwili, na pua yako itakuambia kipi kimezidi. Kisha toka nje na kitambaa ukitazame juani. Taa za dukani hudanganya bluu kuliko rangi yoyote. Nimeona mtu amenunua bluu akafika nyumbani na zambarau.

Mimi nilinunua mita tano kwa shilingi 22,000 kila mita, jumla 110,000. Koti na suruali vinahitaji kama mita tatu na nusu kwa kitambaa cha upana wa mita moja na nusu. Zilizobaki zilikuwa za suruali ya pili. Dada, kama utasahau yote niliyoandika, ushike huu ushauri wa suruali ya pili. Koti halichoki haraka, kwani mtu hulivua na kulitundika. Suruali ndiyo inayokaa kwenye kiti, kwenye benchi na kwenye pikipiki. Wanaume wengi wana makoti mazuri yasiyovaliwa kwa sababu suruali yake ilitoboka miaka mingi iliyopita. Na huwezi kuja kununua kitambaa cha suruali baadaye, maana bluu mbili za marobota tofauti hazifanani hata zikiwa na jina moja. Watu wataona juani kwamba juu na chini havikuzaliwa pamoja.

Ushonaji wa koti na suruali mbili ulikuwa shilingi 90,000, na bitana, vifungo na zipu 20,000. Jumla yote 220,000. Ni pesa nyingi, sikatai. Fundi alishauri bitana iwe ya mabegani na mikononi tu, mgongo ubaki wazi kwa ajili ya joto. Akaacha upindo mpana ndani ya suruali na kiunoni, kwa sababu, alisema huku akimwangalia mwalimu, "mtu aliyeoa hubadilika."

Baada ya koti kupatikana, vitu vingine vyote vilijipanga kulifuata, na hapo ndipo nilipoona faida kwenye bajeti. Kabla yake tulikuwa tukinunua ovyo, shati la kijani hapa, suruali ya udongo pale, na hakuna kilichokubaliana na kingine. Sasa kila kinachonunuliwa lazima kikubaliane na bluu. Mashati mawili meupe na moja la bluu nyepesi yanatosha. Kuhusu nyeupe na bluu hakuna Mtanzania wa kufundishwa, maana wengi wetu tulivaa shati jeupe na sketi au kaptura ya bluu kwa miaka saba ya shule ya msingi. Suruali ya kijivu tuliipata kwenye mitumba; akiivaa na koti lile lile watu hudhani ana nguo nyingine. Viatu vyeusi vya ngozi jozi moja, mkanda wa rangi ya viatu. Tai tatu: moja ya damu ya mzee, moja ya michirizi, na moja ambayo fundi aliikata kutoka kwenye mabaki ya kitenge changu. Hii ya tatu imeniokoa na gharama ya sare. Ukoo wakichagua kitenge cha harusi, mimi nashona gauni, naye anashonewa tai au kitambaa cha mfukoni kwa kipande kilichobaki. Amevaa sare na hatujanunua shati ambalo halitavaliwa tena.

Kwa dada ambaye hana uwezo wa fundi, koti la bluu la mtumba lililokaa vizuri lina heshima kuliko jipya la kung'aa. Tazama mabega kwanza. Fundi atapunguza kiuno, atafupisha mikono, atabadilisha vifungo, lakini bega lililozidi halirekebishiki bila kulivunja koti lote. Bonyeza kifua kwa vidole uhakikishe hakuna mapovu. Nusa kwapa. Geuza bitana uangalie mishono.

Usilifue koti kwenye beseni. Narudia, usilifue. Lipige brashi kila baada ya kuvaliwa, litundike kivulini lipate hewa usiku mmoja, na doa liondolewe kwa kitambaa chenye maji kidogo. Likichafuka kweli, mpelekee dobi anayejua makoti. Pasi ya mkaa isiguse kitambaa cha bluu moja kwa moja, maana itakiachia mng'ao kwenye magoti na makalio ambao hautoki. Weka juu yake kitambaa cha pamba chenye unyevu. Na jivu likungute kabla, nje.

Kuhusu nondo nina neno kama muuguzi. Zile tembe nyeupe za kabatini, naftalini, ziweke mbali na nguo na blanketi za watoto. Wapo watoto, na Afrika wapo wengi, ambao wamezaliwa na upungufu wa kimeng'enya fulani katika chembe nyekundu za damu. Mtoto wa namna hiyo akifungwa nguo iliyokaa na naftalini, damu yake huweza kuvunjika, akawa wa manjano na kuishiwa damu. Kwa mtoto mchanga ni hatari sana. Sisi tuko katika nchi ya tumbaku. Jani moja kavu lililofungwa kwenye kitambaa na kutundikwa kabatini, mahali mtoto hafiki, limewasaidia wengi. Koti litanuka kidogo kama Urambo wakati wa mavuno, lakini hewa ya usiku mmoja huondoa.

Najua kuna msomaji anayesema moyoni kwamba haya ni mambo ya mwili. Mtume Yakobo, katika sura ya pili ya waraka wake, aliwakemea Wakristo waliompa kiti kizuri mwenye pete ya dhahabu na kumwacha maskini asimame. Nakubaliana naye kabisa, na mgeni asiye na koti akiingia kwetu lazima akae mbele kama mwingine yeyote. Lakini waraka ule unawaonya wanaopanga viti. Mume wangu hakuna aliyempeleka nyuma. Alijipeleka mwenyewe, na mahubiri mangapi juu ya unyenyekevu hayakumrudisha. Wala sidai kwamba suti inamfanya mtu kuwa mwema. Nawafahamu waliovaa vizuri ambao nisingewaachia hata kuku wangu.

Mwaka 2016 binti yetu alirudi na mtoto wake wa kwanza kubatizwa. Asubuhi ile mwalimu alivaa polepole, akauliza kama tai imenyooka, akauliza tena. Tulipofika kanisani nilikuwa nikielekea mlango wa pembeni kwa mazoea, nikaona hayupo nami. Alikuwa amepita mlango mkubwa. Alisimama kama babu wa mtoto, akajibu maswali ya mchungaji kwa ile sauti yake ya kusoma, na binti akamtazama muda wote. Sikusikia hata mmoja akitaja koti. Wiki ile ile walimwomba asome Neno Jumapili iliyofuata, na hakuwa na madaftari.

Suti ile ipo hadi leo. Suruali ya kwanza imekwisha, ya pili ndiyo inayovaliwa, na upindo wa kiunoni umeshafunguliwa mara moja kama fundi alivyotabiri. Mwanetu wa kiume amelijaribu koti mbele ya kioo mara mbili akidhani simwoni. Mabega bado hayajajaa. Juzi fundi alilikagua akasema kitambaa bado kizima, ila bitana ya kwapani imechanika na mikono yote inahitaji kuwekewa mpya. Ameniandikia kwenye kipande cha karatasi: bitana mita moja na nusu, bluu, uzi wa rangi hiyo hiyo, na vifungo viwili vya akiba.